Picha ya Pili ya Jino la Refa

Wifi yangu aliondolewa kwenye mashine aliyoitumikia kwa miaka kumi na tisa, akapelekwa chumba cha chini kupanga majalada ya wagonjwa, kwa kosa la kuona kitu ambacho daktari wake alishindwa kukiona. Nalisema jambo hili waziwazi tangu mwanzo kwa sababu barua ya hospitali haikulisema hivyo. Barua ilisema kwamba "amehamishwa kwa muda kupisha uchunguzi". Maneno matano ya adabu, yakifunika kitendo kisicho na chembe ya adabu.

Asidhani mtu kwamba namtetea kwa kuwa ni mke wa kaka yangu. Hatupatani hivyo. Siku kaka alipomleta nyumbani kwa mara ya kwanza, nilitoka jikoni na tabasamu langu la wageni. Kabla hajaketi, kabla mama hajamaliza kumkaribisha, alinitazama mdomoni akasema:

"Jino lako la juu, la kushoto, limekufa. Lina rangi ya chai."

"Karibu, wifi," nilimjibu. "Na jina lako je, au tukuite Mkaguzi?"

Kaka alijifanya amepaliwa na mate. Jina likaganda; watoto wa nyumba yetu humwita Shangazi Mkaguzi mpaka leo, na yeye huitika bila kinyongo. Mwaka uliofuata jino lilinivimba shavu zima. Nilipoingia chumba chake cha picha za meno, hospitalini, hakusema "nilikuambia". Alinivisha lile vazi zito la madini ya risasi la kukinga mionzi, akanikalisha, akaniambia nisimeze mate. Nilimchukia kwa miaka mingi kwa kuwa siku ile ya kwanza alisema kweli. Naamini hata huko kazini walimchukia kwa sababu iyo hiyo, ila mimi sikuwa na mamlaka ya kumpeleka chumba cha chini.

Alilelewa na mwanga. Baba yake alikuwa na kibanda cha kupigia picha za vitambulisho, na kazi ya binti ilikuwa kusimama na shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu, akiligeuza huku na huku ili mwanga umrudie mteja usoni. Alipofikisha miaka kumi alikwishajua kwamba uso uleule, ukimulikwa kutoka upande huu, ni wa mtu mpole, na ukimulikwa kutoka upande wa pili ni wa mtu aliyekosa usingizi wiki nzima. Alisoma chuo miaka miwili, akapata cheti cha kupiga picha za mionzi, akaajiriwa kitengo cha meno. Hakuwahi kupandishwa cheo. Kila lilipozungumzwa suala hilo, jibu lilikuwa cheti chake. Na kila mashine ilipoharibika, aliyeitwa alikuwa yeye.

Chumba chenyewe hakina dirisha. Kuna kiti cha ngozi bandia kilichochanika na kuzibwa kwa plasta ya hospitali, na mkono wa mashine wenye bawaba iliyolegea, ambayo yeye aliikaza kwa kipande cha mpira wa tairi. Nyuma ya pazia zito kuna chumba cha giza kisichozidi kabati la nguo, chenye trei tatu za dawa na kamba ya kuanikia filamu, filamu ndogo kama stempu za barua. Na ukutani, juu ya swichi, kuna tangazo: MGONJWA MMOJA, PICHA MOJA.

Tangazo hilo liliandikwa zamani, filamu zilipokuwa adimu. Uadimu ukaisha. Maboksi ya filamu yakajaa kabatini hadi mengine yakapitwa na muda wake, lakini tangazo halikuondoka. Karatasi yake ilipochakaa, ilichapwa nyingine na kutiwa ndani ya plastiki. Hakuna aliyejua tena ni nani aliyetoa amri ile. Walijua tu kwamba ipo. Na kando ya amri hiyo ya ukutani kulikuwa na nyingine ambayo haikuandikwa popote: mpiga picha hupiga, hasomi. Akikausha filamu huitia ndani ya bahasha ya kaki, humpa mgonjwa, na mgonjwa huipeleka mwenyewe kwa daktari, milango minne mbele.

Mwenye kusoma alikuwa daktari mkuu wa kitengo, ambaye watumishi walimwita Koleo pindi akiwapa mgongo. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, na haraka ya kung'oa. Filamu aliiinua dirishani kwa sekunde tatu, akaiteremsha, akasema neno lake. Miaka miwili kabla ya mkasa huu, wifi yangu alikwenda kumwambia kwamba picha ya bibi mmoja haikutosha, irudiwe kwa pembe nyingine. Koleo alimjibu mbele ya benchi zima la wagonjwa: "Ukitaka kusoma picha, rudi shule kwanza." Alirudi chumbani kwake. Sijui bibi yule aliishia wapi. Nimejaribu kumtafuta bila mafanikio.

Basi mwezi wa Machi mwaka 2021 akaja refa.

Siku za kazi ni fundi bomba. Jumamosi na Jumapili, na mara chache katikati ya wiki, huchezesha mechi za ligi ya wilaya. Golikipa mmoja alimpiga kiwiko cha mdomo, akavimba, uvimbe ukashuka, maumivu yakabaki. Alikuja hospitali akapigwa picha moja ya mbele, iliyonyooka, kama tangazo lilivyotaka. Koleo akasema meno yote mazima, akampa vidonge. Akarudi, ikapigwa picha nyingine moja, vilevile. Vidonge tena. Mara ya tatu Koleo aliamua kwamba mkosaji ni jino la pembeni, lililokuwa na tundu la zamani lililozibwa. Akaling'oa. Maumivu hayakusogea hata hatua. Mara ya nne, wiki ya sita tangu apigwe, aliandikiwa picha ya jino la upande wa pili, ili nalo ling'olewe.

Wifi yangu alinisimulia yaliyofuata kwa kununa, kama anavyosimulia kila kitu.

"Mama, leo wanang'oa la pili," refa alimwambia akikaa kitini. "Filimbi yenyewe siwezi kuiuma. Juzi nimechezesha kwa kupiga makofi."

"Fungua mdomo."

"Wachezaji wananicheka, mama, mpaka—"

"Nimesema fungua. Sijasema uhubiri." Akamwekea filamu nyuma ya meno. Kidole chake kilipogusa jino la katikati, lile ambalo hakuna aliyelitilia shaka, alihisi kichwa cha jino kikisogea ilhali fizi ya juu imetulia tuli. Akatoa kidole. "Ulipigwa kwa ajili ya nini?"

"Nilitoa penalti."

"Ilikuwa penalti kweli?"

"Mama! Kamkata mtu mtama mchana kweupe!"

"Bahati yako. Ungekuwa umewaonea, ningekuacha hivyohivyo."

Akapiga picha iliyoagizwa, akaingia nyuma ya pazia, akaisafisha. Jino la katikati lilionekana zima, kama lilivyoonekana kwenye picha zote zilizotangulia. Akatoka. Akainua mkono wa mashine juu ya pua ya refa, akauinamisha, akapiga ya pili. Akaushusha chini ya usawa wa mdomo, akapiga ya tatu. Tangazo lilikuwa mbele ya macho yake wakati wote huo, na aliniambia kwamba alilisoma, kwa makusudi, kabla ya kubonyeza.

Kwenye picha ya pili, katikati ya mzizi, ulipita mstari mweusi, mwembamba kama unywele ulioanguka kwenye karatasi. Mzizi ulikuwa umekatika vipande viwili. Refa alikuwa ameng'olewa jino zima ili kutibu lililovunjika, na sasa alikuwa anakwenda kung'olewa zima jingine.

Kwenda kwa Koleo asingekwenda tena. Jibu la kurudi shule alikuwa nalo bado. Akachukua penseli ambayo hutumia kuweka alama za kulia na kushoto, penseli nyekundu, kwa kuwa chumbani hamna nyingine, akaandika juu ya bahasha: *Tazama ya pili. Mzizi wa jino la katikati umevunjika. La upande wa pili ni zima, lisiguswe.* Akampa refa.

"Mpe daktari mkononi. Usifungue, usisome."

Kumwambia hivyo mtu ambaye kazi yake ni kutazama kila kitu na kupuliza! Maneno yalikuwa juu ya bahasha, makubwa, mekundu. Hakufika hata mlango wa pili. Akayasoma akiwa amesimama, akayasoma tena kwa sauti, kisha akaingia kwa Koleo bila kubisha hodi na kuinua bahasha juu kabisa, mkono umenyooka, kwa mazoea ya miaka kumi uwanjani. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akapaza sauti:

"Kadi nyekundu hiyo! Daktari, nje!"

Benchi zima likacheka, kila mtu ameshika taya lake kwa maumivu. Nasikitika kusema kwamba hapo ndipo kosa la wifi yangu lilipozaliwa. Picha mbili za ziada zingesamehewa. Mstari wa penseli ungefutwa. Kicheko cha benchi hakikusamehewa.

Koleo aliinua filamu ya kwanza tu dirishani. Zile mbili hakuzigusa.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mama wa picha."

"Basi nenda ukatibiwe na mama wa picha."

Kesho yake wifi yangu akakabidhiwa ile barua ya maneno ya adabu. Mashine akapewa kijana wa maabara aliyefundishwa kwa wiki tatu, ambaye picha zake zilikata ncha za mizizi kama anayepiga picha watu na kuwaacha bila vichwa. Mashtaka yalikuwa mawili: kumpiga mgonjwa mionzi bila agizo, mara mbili, na kutoa uamuzi wa kitabibu bila sifa. La kwanza peke yake, likithibitika, lilitosha kumfukuzisha kazi na kumfutia leseni. Angebaki na cheti cha kuning'iniza sebuleni.

Kaka alitaka amani, kama kawaida yake.

"Mama watoto, andika tu kuomba radhi. Mistari miwili. Watakusamehe."

"Niombe radhi kwa nani? Kwa jino?"

"Kwa daktari."

"Daktari nimemkosea nini? Nimemwonyesha ufa. Yeye hakutaka kuinua mkono autazame." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na mkoba wangu. "Na wewe, wifi, umekuja kunihubiria?"

"Nimekuja kuuliza nani anakuandikia utetezi."

"Sina mwandishi. Najua kupiga picha."

"Nitaandika mimi. Utatia sahihi."

Akanitazama mdomoni, mazoea yake. "Usiweke maneno marefu. Wale hawasomi, wanahesabu kurasa tu."

Niliandika kurasa nne. Refa naye alikuwa amekwenda hospitali nyingine na filamu zake tatu. Daktari wa huko, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliziweka zote kwenye sanduku la mwanga, akatulia juu ya ile ya pili, kisha akauliza: "Nani amepiga hii?" Refa akadhani mambo yameharibika tena. "Nauliza kwa sababu ni kazi safi," akaongeza yule mama. Alilifunga jino lililovunjika kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani, akamwonya kwamba wamechelewa na hawezi kuahidi kitu, akaandika ripoti ya kurasa mbili. Ndani yake kulikuwa na sentensi moja niliyoipigia mstari: jino lililong'olewa halikuwa na ugonjwa wowote. Filamu zote tatu niliziambatanisha na utetezi.

Kikao kilifanyika tarehe 19 Agosti, kwenye chumba cha mikutano cha utawala. Mlalamikiwa aliruhusiwa ndugu mmoja wa kukaa naye, kimya. Mwenyekiti alikuwa katibu wa hospitali, mama mzito wa maneno, mwenye faili mbele yake na kikombe juu ya faili. Kulia kwake alikaa Koleo. Narudia: mlalamikaji alikaa meza moja na hakimu wake, akachanganya chai yake kwa kijiko kilekile alichotumia hakimu. Wifi yangu aliwekwa kwenye kiti cha plastiki kilichotazamana nao.

"Ulipiga picha ngapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Tatu."

"Uliagizwa ngapi?"

"Moja."

"Tangazo hukuliona?"

"Nimeliona miaka kumi na tisa."

Koleo akatabasamu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mtu huyu ana cheti. Kama kila mwenye cheti atapiga mionzi anavyotaka, kesho mfagizi naye atapasua watu. Picha iliyoagizwa inaonyesha jino zima. Hii hapa. Mwenye macho na atazame."

Akampa Mwenyekiti filamu ya kwanza. Mwenyekiti akaiinua, akakunja uso, akakiri: "Mimi naona jino zima."

"Na huyo mgonjwa wake anayedai kaponywa," Koleo akaendelea, "tumemwandikia barua aje aseme mwenyewe. Hakutokea. Watu wa namna hiyo hawatokei."

Mwenyekiti akashika kalamu. Nilijua anachotaka kuandika, sote tulijua. Nilikuwa nimeahidi kukaa kimya na ulimi ulikuwa unaniunguza. Wifi yangu akasimama, hakuomba ruhusa, akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaufungua kiasi cha upana wa kidole, akauacha hivyo.

"Dada, rudi kiti chako," Mwenyekiti akasema.

"Mama, hapo ulipo, unaona nje?"

"Sioni chochote. Mlango umefungwa."

"Haujafungwa. Hamia kiti cha huyo daktari. Daktari, mpishe."

"Hatupo shule ya chekechea hapa," Koleo akasema.

"Ndiyo maana nakuomba, sikuamrishi. Mpishe mama."

Mwenyekiti, kwa udadisi zaidi ya kitu kingine, akainuka. Koleo akalazimika kusogea, na kikombe chake mkononi. Mama akaketi. Mahali pale paliukabili ufa wa mlango moja kwa moja.

"Sasa?"

"Sasa kuna mwanga. Naona... naona ukumbi. Kuna benchi."

"Rudi kwako."

Akarudi. "Umefungwa tena."

"Mlango haukutikisika, mama. Wewe ndiye uliyehama. Mwanga wa mashine ni jicho lako, na mzizi uliovunjika ni huo mlango. Ukiutazama kwa mshazari, vipande vinafunikana, unaapa ni kitu kizima. Ukikaa sawasawa na ufa, unauona. Picha moja ni kiti kimoja. Mimi nilihama kiti. Hilo tu ndilo nililofanya."

Halafu Mwenyekiti akainuka tena, mwenyewe, akarudi kwenye kiti cha Koleo, akainamisha kichwa.

"Kwenye benchi kuna mwanamume," akasema polepole. "Ana fulana ya manjano na filimbi shingoni. Ni nani?"

"Ndiye mwenye jino," wifi yangu akajibu. "Amekaa pale tangu saa mbili asubuhi. Karani kamwambia ameagizwa asimwingize."

"Ameagizwa na nani?"

Koleo akakoroga chai ambayo ilikwishapoa. Mwenyekiti hakurudia swali. Akapaza sauti, "Bwana, ingia!" na refa akaingia, amekunja ripoti ya kurasa mbili mkononi, akasimama katikati ya chumba kama anayesubiri timu zijipange.

"Mimi nina mechi saa tisa," akasema. "Lakini nitasema kwanza."

Akasema. Akafunua mdomo akaonyesha pengo, kisha waya. Akamwambia Koleo, bila kupaza sauti, "Hili pengo ni lako, daktari. Golikipa alinivunja, wewe umenipunguza." Mwenyekiti akaomba filamu ya pili. Safari hii aliitazama muda mrefu kuliko sekunde tatu.

Mtu angependa kuniuliza kama haki ilitendeka. Ilitendeka nusu, kwa mkono wa kushoto. Shtaka la mionzi lilifutwa, leseni ikabaki, na wifi yangu akarudi kwenye mashine yake tarehe 9 Septemba. Alikuta mkono wake umeanguka na ule mpira wa tairi umetupwa. Shtaka la kuandika juu ya bahasha halikufutwa. Alipewa onyo la maandishi, nalo limo katika jalada lake hadi ninapoandika haya, ingawa kila neno aliloliandika limethibitishwa. Koleo hakuonywa. Alipewa likizo ya masomo, akaagwa kwa keki. Refa hajalipwa jino lake wala kuombwa radhi, na lile lililofungwa waya limeshika, mpaka sasa, bila mtu wa hospitali ile kuuliza linaendeleaje.

Nilimwuliza wifi kama anataka nikate rufaa juu ya lile onyo.

"Kata," alisema. "Lakini hiyo barua waiache wazi, mtu akifungua jalada aisome. Waone nimeonywa kwa nini."

Rufaa nimeikata. Haijajibiwa. Lililobadilika ni hili moja: tangu Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, kila mgonjwa wa kitengo kile aliyeumia mdomoni hupigwa picha tatu za jino, kila moja kwa pembe yake, na fomu ya maombi imeongezwa mstari ambapo mpiga picha huandika alichokiona na kutia sahihi.